Yule Uliyemfuta Kwenye Picha

Louisville, Kentucky
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Baridi imeshaingia na mgongo wangu unaijua tarehe kuliko kalenda, lakini tunashukuru.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa sauti utausikiliza ndani ya basi, sikio moja kwangu na jingine kwa dereva. Barua utaisoma umekaa.

Ile Ijumaa ya baada ya Sikukuu ya Shukrani ulinitumia picha mbili. Ya kwanza ilifika saa 3 usiku. Umesimama mbele ya duka lako jipya, fulana nyeusi ya kazi, kitambulisho kifuani, na sakafu chini yako inang'aa hadi taa zinaonekana ndani yake kama taa za wavuvi usiku kwenye Ziwa Tanganyika. Nilifurahi nikamwita binamu yako aje aone. Dakika chache baadaye ikaja ya pili na maneno haya: "Shangazi, tumia hii, ile nyingine ina mtu nyuma." Nikazilinganisha. Kwenye ya kwanza, nyuma ya bega lako la kushoto, kuna mwanamume mtu mzima ameinama, shati la bluu lililopauka, anakwangua kitu sakafuni kwa kisu kipana. Kwenye ya pili hayupo. Simu imemfuta, na mahali pake imechora vigae, tena vizuri, asiyejua hawezi kugundua.

Sikukukasirikia. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Kwa miaka 7 mtu yule nilikuwa mimi.

Hujui habari hizi kwa sababu sikukusimulia, na kosa ni langu. Ninyi mlipopangiwa Ohio, sisi tulipangiwa Buffalo, mwaka 2015. Ulikuwa na miaka 9 tulipoagana kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Labda unachokumbuka ni foleni ya maji na vumbi jekundu. Mimi Uvira nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kambini pia nilishika chaki. Buffalo nilikabidhiwa mopu. Kwenye simu nilikuwa nawaambia "nafanya kazi kwenye jumba la maduka", na niliwaacha mfikirie mnavyotaka. Baba yako aliwaambia watu kwamba dada yake anauza nguo. Sikumrekebisha.

Jumba lenyewe sitalitaja. Lilikuwa nje kidogo ya mji, kubwa, la ghorofa mbili, na wanunuzi wengine walivuka mpaka kutoka Kanada. Wewe unaingia kwa mlango wa vioo unaofunguka wenyewe. Mimi niliingia kwa mlango wa chuma usio na maandishi, karibu na makontena ya taka. Ndani ya mlango ule kuna jengo la pili lililofichwa ndani ya la kwanza: korido ndefu za matofali ya saruji yasiyopakwa rangi, mabomba juu ya kichwa, lifti ya mizigo inayonuka mafuta ya kukaangia, na milango mingi ya kijivu, kila mmoja na namba ya duka lake. Upande wa pili wa mlango huohuo ukuta ni mweupe na kuna harufu ya manukato. Unene wa mlango hauzidi vidole vitatu.

Tulianza saa 4 usiku, watu wakishatoka. Chingamu kwanza, kwa kisu. Kisha alama za vidole kwenye vioo, na huko utaona urefu wa watoto: mstari wa viganja vidogo kwenye kila kioo cha duka la wanyama wa kuchezea. Kisha vyoo, ambavyo sitakueleza. Kazi ya fundi ilikuwa sakafu, na mimi baada ya mwaka nilifanywa mtu wa sakafu. Mng'ao ule unaouona ni nta, nayo haidumu. Kila baada ya muda huna budi kuiondoa ya zamani. Unamwaga dawa, unasubiri kama dakika 10 hadi nta igeuke uji, na hapo sakafu inateleza kuliko barafu ya Januari. Mama mmoja wa Kibembe alivunjika kiwiko mbele yangu. Unasugua kwa mashine yenye pedi nyeusi, kwa sababu nyekundu ni laini na nyeupe ni ya kung'arisha tu. Unanyonya uji wote, unasuuza, unakausha. Ndipo unapaka nta mpya, nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke kabla ya jingine.

Wakati wa kupaka unarudi kinyumenyume. Mopu mbele yako, mlango nyuma yako, hatua kwa hatua, mpaka kisigino kinagusa kizingiti. Unatoka, unafunga. Ukikanyaga ulikopita, umeharibu. Msimamizi huja alfajiri na tochi, anailaza karibu na sakafu kutafuta nyayo. Akiona hata moja, unarudia. Akikosa kabisa, anasema "vizuri sana". Maana ya "vizuri sana" katika kazi yangu, mwanangu, ilikuwa kwamba hakuna dalili yoyote kuwa nilikuwepo.

Kwa hiyo simu yako imefanya tu kile ambacho majumba yale yalijengwa yafanye. Hili nililisoma maktaba ya Buffalo, siku za mapumziko, nilipotaka kujua nani aliyeyabuni majumba haya. Alikuwa mkimbizi. Victor Gruen, Myahudi, mbunifu majengo wa Vienna, alikimbia Wanazi mwaka 1938 na kufika Marekani na dola 8. Mwaka 1954 Northland aliyoibuni ilifunguliwa karibu na Detroit, na mwaka 1956 Southdale huko Edina, Minnesota, jumba la kwanza la maduka nchini kufunikwa lote na kuwekwa hali ya hewa moja mwaka mzima. Pale Northland alipitisha malori chini ya ardhi ili mnunuzi asione mtu akishusha mzigo. Alitaka vitongoji vya Marekani vipate mahali pa kukutana kama viwanja vya Vienna, watu wakae, wanywe kahawa, wajuane. Wenye fedha walichukua sehemu ya kuuza na ile ya kuficha. Alirudi Vienna na uchungu wake, akafa huko mwaka 1980. Namhurumia mzee huyo. Lakini ule mlango wa chuma ni wake.

Kuna ufichaji mwingine usiohitaji ukuta. Kitambulisho changu kilikuwa na jina la kampuni ambayo hakuna mwenye duka aliyeijua. Mwenye jumba huipa kazi kampuni kubwa ya usafi. Kampuni humpa mkandarasi. Mkandarasi humpa mwenzake mwenye gari moja na simu mbili, na huyo ndiye aliyeniajiri mimi. Kila mkono fedha inakopita hubakiza chake, na kinachofika chini ni makombo. Mwaka 2018 yule wa mwisho alizima simu zote mbili akiwa na mshahara wetu wa wiki 2. Nilikwenda ofisi ya jumba, mchana, kwa mlango wa vioo, nimevaa kitenge changu kizuri. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa upole, akalitafuta jina langu kwenye kompyuta, akasema halimo. Na kweli halikuwemo. Miaka miwili nilikuwa nafuta vumbi kwenye kiti alichokalia.

Fedha zile sikuzipata. Baadaye nilijifunza kwamba kuna waliolifumbua fumbo hili zamani. Mwaka 1985, Denver, chama cha wafanyakazi cha SEIU kilianzisha kampeni ya Haki kwa Wasafishaji. Walitambua kwamba kumbana mkandarasi mdogo ni kukamua jiwe, kwa hiyo wakawaendea wenye majengo na majina yao yanayotajika. Tarehe 15 Juni 1990, eneo la Century City mjini Los Angeles, wasafishaji waliogoma, wengi wao wahamiaji wa Amerika ya Kati, walipigwa na polisi mchana kweupe, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni watu ambao siku zote hufanya kazi taa zikiwa zimezimwa. Mkataba ulisainiwa wiki chache baadaye. Hukohuko Buffalo, tarehe 9 Desemba 2021, nilishuhudia jambo la namna hiyo kwa macho yangu: vijana wa mkahawa wa Starbucks wa barabara ya Elmwood, umri wako huo, walipiga kura 19 dhidi ya 8 wakawa wa kwanza kwa miaka mingi kuunda chama katika mikahawa inayoendeshwa na kampuni yenyewe hapa Marekani. Kesho yake nilipita na basi nikawapungia mkono kupitia dirishani. Hawakuniona, lakini nilipunga.

Nikueleze na ile dhoruba, maana baba yako anaijua nusu. Alhamisi ya tarehe 22 Desemba 2022 niliingia zamu ya usiku. Tuliuliza kama twende, tukaambiwa twende, sakafu lazima iwe tayari kwa wanunuzi wa mwisho wa Krismasi. Asubuhi ya Ijumaa marufuku ya kuendesha magari ilianza saa 3 na nusu, wakati watu wengi walikuwa wameshatoka kwenda kazini na sisi hatujatoka. Nje hukuona mkono wako mwenyewe. Tulibaki watu 5 katika korido ya nyuma, usiku mbili, tumelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Tulikula biskuti za mashine mpaka sarafu zikatuishia. Mzee mmoja Mnepali wa Bhutan alitufundisha kuweka karatasi za kufutia mikono ndani ya viatu. Upande wa pili wa mlango nyimbo za Krismasi ziliendelea kupigwa katika jumba tupu, mchana na usiku, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua zinazimwaje. Zaidi ya watu 40 walikufa mjini na pembezoni mwake, wengine ndani ya magari, wengine wakitembea kurudi nyumbani. Sisi tulipona kwa sababu tulikuwa ndani ya kuta zilezile nilizokuwa nazilalamikia. Jumatatu msimamizi alipofika aliangalia sakafu.

Lakini Buffalo ilinipa pia jambo zuri. Mtaa wa Grant, upande wa magharibi wa mji, kulikuwa na soko dogo la wahamiaji na wakimbizi, West Side Bazaar, lililoanzishwa mwaka 2011. Ukumbi mmoja, vibanda vimebanana, Waburma wanapika tambi, Waethiopia wanachoma kahawa, mama zetu wa Kongo na vitenge. Aliyekuuzia ndiye aliyepika, ndiye aliyefagia mbele ya kibanda chake, na mtoto wake anafanya kazi za shule juu ya gunia la mchele. Moto uliliunguza Septemba 2022. Nililia kama nimefiwa. Likafunguliwa tena mwaka 2023, kubwa zaidi, barabara ya Niagara. Sakafu yake haing'ai kama yako. Ukimwaga mchuzi pale, unajua umemmwagia nani.

Mwaka huohuo wa 2023 tukahamia hapa. Utauliza kwa nini nihame, maana mwaka huu wa 2024 kima cha chini huko Buffalo ni dola 15 kwa saa, kwako Ohio ni dola 10.45, na hapa Kentucky ni dola 7.25, kiwango kilekile cha serikali kuu tangu 2009. Kazi ya mopu ni ileile, uchafu ni uleule, ila ukivuka mito miwili thamani ya mkono wako inakatwa nusu. Nilihama kwa ajili ya binamu yako. Maghala ya huku hulipa zaidi ya kima hicho, na kuna mpango ulioanza mwaka 1998, unaitwa Metropolitan College: kijana anapakia vifurushi vya UPS usiku, na ada yake ya chuo inalipwa. Kituo chenyewe, Worldport, kiko kwenye uwanja wa ndege, ule uliopewa jina la Muhammad Ali mwaka 2019. Babu yako angefurahi; lile pambano la Kinshasa la 30 Oktoba 1974 alilisimulia mpaka uzee wake kana kwamba alikuwa kona ya ulingo, na wakati huo alikuwa Uvira na redio ya jirani. Ndege zinatua mfululizo kuelekea usiku wa manane na kuondoka kabla ya mapambazuko. Kituo kinaweza kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja. Binamu yako anarudi alfajiri, anakula wali amesimama, analala saa tatu, anakwenda darasani. Watu wanaobofya kitufe kitandani wanadhani wameyakwepa majumba ya maduka. Jumba limeondolewa vioo tu. Korido ya nyuma imebaki, tena imerefuka.

Mimi niko kwenye ghala la nguo zinazorudishwa. Mtu ananunua magauni matatu, anajipima chumbani kwake, anarudisha mawili. Nafungua mfuko, nanusa kwapa, naondoa nywele, nalikunja upya kama halijavaliwa kamwe. Kila nguo nasoma lebo, si kwa sababu nimeagizwa. Bangladesh, Vietinamu, Jordani. Ikija ya Bangladesh huwa nakumbuka Rana Plaza, jengo lililoanguka karibu na Dhaka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa zilipoonekana, benki na maduka ya chini yalifungwa. Mafundi wa cherehani wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini. Wiki iliyopita nilifungua suruali ya jinzi, lebo ikasema Kenya. Nikaisoma kwa sauti, mwenzangu wa Guatemala akadhani nazungumza naye. Pengine imeshonwa Athi River, katika viwanda vilivyoanza kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Ikichakaa huku itafungwa kwenye bela na kurudi sokoni Gikomba kama mitumba, na huenda aliyeishona akainunua bila kuitambua. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa mguu. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Sasa wewe uko Columbus, mji wa wauza nguo. Hapo, mwaka 1963, Leslie Wexner alifungua duka la kwanza la The Limited, katika kituo cha maduka cha Kingsdale, kwa mkopo wa dola 5,000 kutoka kwa "aunt" wake. Kiingereza hakitofautishi shangazi na mama mdogo, lakini mimi nimeamua alikuwa shangazi. Duka lile lilizaa mamia ya mengine. Mwombe baba yako akupitishe barabara ya Morse, mahali palipokuwa Northland ya Columbus, jumba lililofunguliwa 1964 na kufungwa 2002. Wasomali walipohamia kitongoji kile walifungua majumba yao wenyewe ya maduka, chai ya maziwa na vitambaa na ofisi za kutuma fedha chini ya paa moja. Katikati ya mji lilikuwepo City Center, la fahari, la 1989. Miaka 20 tu, likafungwa, likabomolewa, leo ni bustani. Halafu Easton, la 1999, lenye barabara na chemchemi, lililojengwa lifanane na mji. Huwa najiuliza, lilipobomolewa City Center, ile nta ilikuwa tabaka ngapi. Miaka 20 ya usiku wa watu fulani ilipakiwa kwenye lori pamoja na kifusi.

Najua utasema, "Shangazi, mimi nimefuta mtu kwenye picha tu." Ndiyo, mwanangu. Nami sikuambii uache kazi wala uone aibu kung'aa. Umesimama vizuri, shingo ya bibi yako. Nakuambia kwa sababu shangazi ndiye anayepewa ruhusa ya kusema kile ambacho mama hapendi kukisema. Msimu huu utasimama saa 8 kwa zamu, utakunja nguo walizozitupa, utatabasamu hata ukiwa na homa, na watu watakuangalia kama wanavyoangalia sanamu ya dirishani. Ukirudi nyuma kutupa maboksi, utapita kwenye ile korido. Yule baba atakuwepo. Usimpite kama unapita nguzo. Mimi katika miaka 7 walionisalimu upande wa mbele nawahesabu kwa vidole, na bado nazikumbuka sura zao zote, pamoja na kijana mmoja wa duka la viatu aliyekuwa ananisubiri sakafu ikauke, amekaa juu ya kaunta kama mtoto, miguu juu.

Krismasi tutakuja, Mungu akipenda. Mwambie mama yako asihangaike na ndagala, ninao wa Kigoma, amenipa mama mmoja wa kanisani.

Ndani ya kifurushi hiki nimetia jozi mbili za soli za kuweka ndani ya viatu, zile nene za jeli. Moja ni yako. Uzivae kuanzia leo, usisubiri visigino vianze kuuma. Ya pili ni ya yule baba. Ukubwa wa mguu wake nimeukisia kwa kuulinganisha na wako kwenye ile picha ya kwanza. Zikimzidi, mwambie azikate kwa mkasi upande wa vidole, asikate upande wa kisigino.

Wako akupendaye,
Shangazi